Rumba tatu, jina moja: dansi ya ukumbini ilivyopata jina la jirani yake

Mwishoni mwa Novemba 2016, kamati ya UNESCO iliyokutana Addis Ababa iliiingiza rumba ya Kuba katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Miaka mitano baadaye, Desemba 2021, ikaingizwa rumba ya Kongo, kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville. Ipo na ya tatu, ambayo hakuna taifa lililoiombea chochote. Ni ile ya mashindano ya dansi ya ukumbini, ambako mwanamke huvaa gauni lililokatwa mgongo, mwanamume suruali nyeusi iliyonyooka, na majaji husimama pembeni na karatasi zao. Hiyo nayo inaitwa rumba, na duniani kote inafundishwa kwamba ni dansi ya mapenzi kutoka Kuba.

Mtu akiitazama rumba ya uani kwa watu wa Matanzas, mji wa bandari wa Kuba, kisha akaitazama hiyo ya mashindano, atashindwa kuona undugu wao, na hatakuwa amekosea. Dansi ya ukumbini iitwayo rumba haikutokana na rumba. Ilitokana na muziki mwingine wa Kuba, unaoitwa son, na bolero iliyokuwa ikipigwa pamoja nao. Rumba ya Kongo nayo ilianza kwa kusikiliza son hiyohiyo, kwenye santuri zilizoandikwa rumba. Kwa hiyo kati ya rumba tatu tunazozijua, mbili zinatumia jina la muziki ambao si mzazi wao. Nitaeleza jambo hilo lilivyotokea, kwa sababu linasimuliwa ovyo sana, na wanaodhulumiwa na masimulizi hayo ni walewale walioianzisha rumba yenyewe.

Rumba ya uani

Rumba ilizaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, katika miji miwili ya bandari, Havana na Matanzas, miongoni mwa watu weusi waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Utumwa ulifutwa Kuba mwaka 1886. Waliotoka kwenye mashamba ya miwa waliingia mijini kutafuta kazi za gatini na kazi za ndani, wakapanga katika majumba makuukuu yaliyogawanywa vyumba vyumba, kila chumba familia, katikati ua mmoja wa wote. Nyumba za namna hiyo huitwa solar, na uani humo ndimo rumba ilimochezwa.

Wakubwa wa serikali walizipiga marufuku ngoma za Kiafrika mara kwa mara. Watu wakageukia masanduku ya mbao. Sanduku kubwa lililokuja na samaki wakavu lilitoa sauti nzito, na lile dogo la mishumaa likatoa sauti kali. Yalipigwa kwa viganja. Juu yake kulikuwa na klave, vile vijiti viwili vya mti mgumu vinavyogonganishwa, na mtu mwingine akigonga ubavu wa sanduku kwa fimbo mbili nyembamba. Kisha sauti za watu, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia. Gitaa halimo, tarumbeta haimo, wala besi. Baadaye ngoma ndefu zinazoitwa tumbadora zilichukua nafasi ya masanduku, lakini hata leo rumba ni mbao, ngozi na koo la mtu, basi.

Aina zake kuu ni tatu. Yambú huenda polepole, na wachezaji huigiza mwendo wa wazee. Columbia ilitoka vijijini mwa Matanzas na kwa desturi ni ya mwanamume mmoja, akishindana na mpiga ngoma ya juu hadi mmoja wao achoke. Inayojulikana zaidi ni guaguancó, ambamo mwanamume na mwanamke huwindana bila kushikana. Mwanamume huzunguka akitafuta upenyo wa kurusha kiuno, mkono, mguu au kitambaa kuielekea nyonga ya mwenzake. Tendo hilo linaitwa vacunao. Mwanamke huliona likija, akajikinga kwa kiganja au kwa pindo la sketi, kisha akaendelea kucheza. Yote hayo hupita kwa utani na ustadi mkubwa, na mwanamke anayejua kazi yake humaliza wimbo mzima bila kuguswa.

Hapa pana mzizi wa kweli wa Kongo. Miongoni mwa Waafrika waliopelekwa Kuba walikuwamo watu wengi wa Kongo, na ngoma zao mbili, yuka na makuta, zilichezwa kisiwani kabla rumba haijapata jina. Yuka ina ule mwondoko wa viuno kuelekeana. Wanaosema neno rumba lilitoka kwenye nkumba, yaani kitovu kwa Kikongo, huutumia mwondoko huo kama ushahidi, na simulizi hiyo inapendwa sana Kinshasa na Brazzaville. Wengine hulipeleka neno kwenye Kihispania, ambako rumbo ni mwelekeo lakini pia ni shamrashamra na mbwembwe. Mimi naona ushahidi wa mwili una nguvu kuliko ushahidi wa neno. Kiuno cha yuka na kiuno cha guaguancó vinaonekana kwa macho kuwa ni vya ukoo mmoja, hata kama jina lingetoka Hispania.

Son, jirani aliyekuwa na gitaa

Son ilitoka upande wa pili wa kisiwa, mashariki, maeneo ya Santiago na Guantánamo. Huko weusi na weupe wa mashambani walichanganya uimbaji wa Kihispania na midundo ya Kiafrika, wakapata muziki wa gitaa, gitaa dogo la nyuzi za jozi liitwalo tres, ngoma ndogo mbili ziitwazo bongo, kayamba ziitwazo maracas, klave na ala ya kutoa sauti ya besi. Katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20 ulifika Havana, na watu husimulia kwamba askari waliohamishwa kutoka mashariki walichangia kuuleta. Mwanzoni matajiri wa Havana waliudharau. Kufikia miaka ya 1920 walikuwa wanaucheza kwenye klabu zao. Sexteto Habanero ilianzishwa 1920, Trío Matamoros ikaanza Santiago mwaka 1925, na Ignacio Piñeiro akaunda Sexteto Nacional mwaka 1927. Son ilichezwa na mtu na mwenzake wameshikana, mkono kiunoni na mkono hewani. Bolero, wimbo wa polepole wa mapenzi uliozaliwa Santiago, ilipigwa na vikundi hivyohivyo, mara nyingine ndani ya wimbo mmoja.

Ziko, basi, dansi mbili zisizofanana. Moja ni ya masanduku na watu wasioshikana. Nyingine ni ya gitaa na watu waliokumbatiana. Ukumbi wa dansi wa New York au London ungeweza kuipokea ipi? Jibu liko wazi. Tatizo ni kwamba uliipokea ya pili ukaipa jina la kwanza.

Neno rumba lenyewe lilikuwa limeshapanda jukwaani kabla ya hapo. Michezo ya kuchekesha ya majumba ya maonyesho ya Havana, ukiwamo ule ukumbi maarufu wa Alhambra, ilipenda kumalizia kwa rumba ya kuigiza, ambayo kazi yake ilikuwa kuwachangamsha watazamaji. Humo ndimo lilimokuzwa vazi la mikono iliyojaa marinda na sketi ya mkia mrefu, ambalo watalii walilikuta baadaye kwenye kabareti. Mavazi ya mashindano ya leo yamerithi mengi kutoka kabareti hizo, na machache sana kutoka uani Matanzas.

New York, 1930

Aprili 1930, kiongozi wa bendi Don Azpiazú alipanda jukwaa la Palace Theatre, Broadway, na bendi yake ya Havana Casino. Mwimbaji alikuwa Antonio Machín. Wimbo uliowapagawisha watu ulikuwa “El manisero”, uliotungwa na Moisés Simons na kurekodiwa kabla ya hapo na Rita Montaner. Ni wito wa muuza karanga mtaani uliogeuzwa wimbo. Wakuba wana jina la nyimbo za namna hiyo, pregón, na huu ulikuwa pregón uliopigwa kwa mwendo wa son. Mwezi uliofuata bendi iliurekodi kwa kampuni ya Victor. Santuri ilipotoka, wanunuzi waliambiwa kwamba walichokuwa wakisikiliza ni rumba.

Kwa nini? Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba kwa Mmarekani neno son lingesomeka kama mtoto wa kiume, au kama neno song, yaani wimbo, lililokosewa herufi, na hakuna mfanyabiashara anayetaka kuuza kitu ambacho mteja hajui kukitamka. Naona hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba rumba lilikuwa neno lenye harufu ya kabareti. Liliahidi joto, viuno na ruhusa ndogo ya kufanya kisichofanywa nyumbani. Marekani ilikuwa imeingia kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, na wenye kumbi walihitaji kitu kipya cha kuwarudisha watu sakafuni. Wakaongeza hata herufi h, ikawa rhumba. Herufi hiyo bado inaishi kwenye magazeti ya Kenya, ambayo huandika hivyohivyo habari za Franco na Tabu Ley, wanamuziki wa Kongo.

Baada ya hapo karibu kila wimbo wa Kuba ulipelekwa sokoni kwa jina hilo. Xavier Cugat, Mkatalunya aliyekulia Havana, aliongoza bendi yake kwa miaka mingi katika hoteli ya Waldorf-Astoria, akiwapa wateja wa tai nyeusi rumba laini isiyomtoa mtu jasho. Shule za dansi nazo zilihitaji hatua ambayo mwanafunzi angeishika siku ya kwanza, zikachukua hatua ya mraba, ambayo miguu huchora sanduku sakafuni, na kuongeza kiuno juu yake. Hiyo ndiyo rumba ya mtindo wa Kimarekani hadi leo.

Mzozo wa London

Uingereza ilipata habari zote hizi kwa mkono wa pili, kupitia santuri na wageni, na hatua ya mraba ilifika huko pia. Mtu aliyeigeuza alikuwa Mfaransa aliyeishi London, Pierre Zurcher-Margolle, ambaye wanadansi walimjua kama Monsieur Pierre, akishirikiana na Doris Lavelle. Walianza kufundisha dansi za Amerika ya Kilatini kabla ya Vita ya Pili ya Dunia. Baada ya vita Pierre alisafiri hadi Havana kujionea. Aliyoyaona yalimshtua: Wakuba hawakuchora sanduku lolote, na hatua yao ya kugeuza mwelekeo iliangukia pigo la pili, si la kwanza kama alivyokuwa akifundisha.

Alirudi na kutangaza kwamba London inacheza kinyume. Walimu wenzake hawakufurahi, na si vigumu kuwaelewa, kwa sababu mwalimu aliyefundisha mamia ya watu hatua ya mraba angelazimika kuwaambia wote waanze upya. Vyama vya walimu viligawanyika, na mabishano yalikuwa makali hadi watu wa dansi wakayaita vita vya rumba. Katikati ya miaka ya 1950 upande wa Pierre ulishinda, na mfumo alioutoa Havana ukawa msingi wa mtindo wa kimataifa. Ndio huu tunaouona kwenye mashindano pamoja na samba, cha-cha-cha, paso doble na jive: mapigo manne kwa kila mizani, mizani 25 hadi 27 kwa dakika, miguu ikienda kwenye pigo la pili, la tatu na la nne, na pigo la kwanza likiachiwa nyonga ijitulize.

Pierre alikuwa mtu makini, na namheshimu kwa kuvuka bahari ili kusahihisha somo lake mwenyewe. Lakini ona alichosahihisha. Alirekebisha hatua, hakugusa jina. Alichokiona kwenye kumbi za Havana kilikuwa son na bolero, vikichezwa na watu waliovaa vizuri waliokumbatiana, nacho alikileta kikiitwa rumba kwa sababu jina hilo lilikuwa limekwisha kukaa kwenye vitabu, vyeti na matangazo ya masomo kwa karibu miaka 20.

Linganisha na cha-cha-cha. Hiyo ina mtu wake, Enrique Jorrín, mpiga fidla wa Orquesta América ya Havana, aliyeanza kuipiga mwanzoni mwa miaka ya 1950, na yeye mwenyewe alieleza kwamba jina alilipata kwenye mchakacho wa viatu vya wachezaji sakafuni. Ilipotoka nje ya Kuba ilitoka na jina lake. Rumba na son hazikuwa na mtu mmoja wa kusimama mlangoni na kudai. Zilikuwa mali ya watu wengi maskini, wengi wao weusi, na wenye kampuni za santuri hawakuwa na sababu ya kuwauliza.

Santuri zinafika mto Kongo

Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilitoa kwa ajili ya soko la Afrika mfululizo wa santuri ulioitwa GV. Wengi waliorekodiwa humo ni Wakuba, Don Azpiazú akiwa miongoni mwa wa kwanza. Zilifika Leopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville, miji inayotazamana ng’ambo ya mto, iliyojaa vijana waliotoka kila pembe kutafuta kazi. Tayari walikuwa na maringa, dansi ya watu wawili wawili iliyosambaa pamoja na wafanyakazi wa pwani ya magharibi, na likembe zao, zile ala ndogo za kupigwa kwa vidole gumba, na magitaa. Katika santuri za GV walisikia kitu walichokitambua papo hapo, mpangilio wa mdundo na ule mwito wa mwimbaji na waitikiaji. Hawakuwa wamekosea, kwa kuwa son nayo ina damu ya Kongo ndani yake. Na lebo ya santuri ilikuwa imeandikwa rumba.

Hivyo jina lililopachikwa New York likapokelewa Leopoldville bila ubishi. Mwaka 1948 Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane walirekodi “Marie-Louise” kwa lebo ya Ngoma, iliyoanzishwa na Mgiriki Nico Jeronimidis. Mwaka 1953 Joseph Kabasele akaunda bendi ya African Jazz, na mwaka 1956 ikazaliwa bendi ya OK Jazz. Baadhi ya waimbaji waliimba kwa Kihispania cha kubuni, maneno yakisikika Kikuba bila kuwa na maana. Polepole Lingala ikachukua nafasi yote, na kazi iliyofanywa na tres na piano za Kuba ikahamia kwenye magitaa mawili matatu yanayosukana. Kabla miaka ya 1960 haijakwisha, muziki huo haukuwa tena uigaji. Ulikuwa muziki mwingine, wenye sebene yake, yaani sehemu ya kasi ya magitaa na kucheza, na ambao Mkuba wa Santiago angeusikiliza kwa mshangao.

Majina ya mitindo yaliyochapwa kwenye santuri yasimdanganye mtu hapa pia. Wapigaji na wachapaji waliandika rumba, bolero, beguine au cha-cha kufuata kilichokuwa kikiuzika mwaka huo. “Indépendance Cha Cha”, ambao Kabasele na wenzake waliupiga Brussels mwanzoni mwa 1960 wakati wa mkutano wa meza ya duara wa kudai uhuru wa Kongo, unajiita cha-cha kwenye kichwa chake, na leo kila mtu anauhesabu kuwa nguzo ya rumba ya Kongo.

Huku kwetu

Neno hilo lilitufikia kwa njia mbili, santuri za Kuba na redio na bendi za Kongo. Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, na hakuna anayehitaji kuelezwa alikuwa akisikiliza nini. Wanamuziki wa Kongo waliohamia Dar es Salaam na Nairobi waliongeza nguvu. Lakini bendi za Tanzania zilifanya jambo ambalo naliona la busara kuliko la New York: ziliipa kila bendi mtindo wake na jina lake. NUTA Jazz ikawa Msondo, Dar es Salaam Jazz ikawa Mundo, Western Jazz ikawa Saboso, Tabora Jazz ikawa Segere Matata, Orchestra Maquis ikaja na Kamanyola, na Mlimani Park ikachukua Sikinde kutoka ngoma ya Wazaramo. Rumba likabaki neno la jumla la mwendo, na kwa mashabiki wengi ni ile sehemu ya kwanza ya wimbo, ya kusikiliza maneno na kucheza taratibu na mwenzako, kabla chemko, ile sehemu ya kasi, halijaanza.

Kwa anayetaka kuzitofautisha kwa masikio yake, kipimo ni rahisi. Sikiliza kama kuna gitaa, piano au besi. Kama hakuna, na kinachosikika ni mbao, ngozi na sauti za watu, hiyo ni rumba ya Kuba. Wenye masikio makali wasikilize klave. Ya son na ya rumba zote zina mapigo matano, ila katika rumba pigo la tatu huchelewa kidogo, na uchelewaji huo mdogo hubadilisha mvuto wa wimbo mzima. Kama kuna tres na tarumbeta, hiyo ni son, hata lebo iseme rumba. Kama magitaa yanasukana na sauti zinaimba kwa Lingala au Kiswahili, uko Kinshasa au Dar. Na kama mpigo ni wa polepole, sawasawa, bila kupanda wala kushuka hata mara moja kwa dakika mbili, hapo pengine kuna majaji wamesimama pembeni.

Wanaotaka kuisikia rumba yenyewe waanze na Los Muñequitos de Matanzas, kundi lililoundwa 1952 ambalo bado linapiga, vizazi vya familia zilezile vikipokezana ngoma katika mji uleule.